Masomo Iko Hapo Tu

Nianze na neno, kwa kuwa neno ndilo lililotugharimu. Kwetu Beni na Butembo shule huitwa masomo. Mtoto haendi shuleni, anaenda masomo. Mzazi hatafuti nyumba karibu na shule, anatafuta karibu na masomo. Na mtu anayeuza parseli, kabla hujamuuliza bei, atakuambia kuwa masomo iko hapo tu. Familia yangu ilitafuta parseli Butembo kwa zaidi ya miaka miwili, na sidhani kama kuna sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko hiyo. Niliisikia juu ya kilima, niliisikia bondeni, niliisikia nikiwa nimesimama katikati ya shamba la maharagwe ambapo hata paa la bati halikuonekana.

Sisi ni watu wa Beni. Nyumba yetu iko Boikene, upande wa kaskazini wa mji, barabara inapotoka kuelekea Oicha. Waliosoma habari za mkoa wetu wanalijua jina hilo kwa sababu mbaya. Mauaji yalipoanza Oktoba 2014 nilikuwa na miaka 13. Agosti 2016 yakawa Rwangoma. Novemba 2019, baada ya watu kuuawa tena usiku ndani ya mji, vijana waliingia barabarani, ofisi ya meya ikachomwa na kambi ya MONUSCO iliyoko Boikene ikavamiwa. Sitaeleza zaidi. Nataka tu ieleweke kuwa kwa miaka ile yote, swali la wazazi wangu kila asubuhi halikuwa kama shule ni nzuri. Lilikuwa kama njia ya kwenda shuleni ni nzuri, na kama saa ya kurudi itakuwa bado mchana.

Mwanzoni mwa 2020 tulihamia Butembo, kilomita 54 kusini, tukapanga vyumba viwili. Baba aliendelea na biashara yake ya mbao, akipanda na kushuka kati ya miji hii miwili. Mama alileta cherehani. Mimi niliingia chuo, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alipofika miaka mitano mama alisema kodi imetosha, na kwamba safari hii tutanunua kufuata masomo, si kufuata bei.

Binamu yangu anayeishi Ufaransa alicheka nilipomweleza. Kule, alisema, jambo hilo limeandikwa. Tangu 1963 kuna ramani ya shule: anwani yako ndiyo inayosema mtoto wako ataandikishwa wapi, na ingawa serikali ililegeza kanuni hizo mwaka 2007, bado watu hununua nyumba mtaa fulani kwa sababu ya shule fulani, na bei ya nyumba inapanda upande mmoja wa barabara na kushuka upande wa pili. Ukienda kuandikisha unaombwa bili ya umeme ili kuthibitisha unakaa unaposema unakaa. Nilimuuliza mtu asiye na umeme anafanyaje. Hakujibu, alicheka tena.

Kwetu hakuna mstari wa namna hiyo. Hakuna direkteri atakayekataa mtoto kwa sababu anatoka Vulamba na shule iko Kimemi. Unaweza kumpeleka popote, mradi atafika. Lakini kusema hakuna mstari si kusema hakuna mipaka. Shule zetu zilichukuliwa na serikali mwaka 1974, kisha kwa mkataba wa Februari 1977 makanisa yakarudishiwa uendeshaji wake, na mpaka leo shule nyingi za umma ziko chini ya Wakatoliki, Waprotestanti na wengineo. Kwa hiyo ukitafuta shule Butembo unatafuta mnara wa kanisa kwanza. Parokia ina kanisa, zahanati, shule ya msingi, na aghalabu sekondari, vyote ndani ya kiwanja kimoja. Parseli zinazozunguka parokia ni ghali. Si kwa sababu ya ibada. Wauzaji wanajua hivyo na wanunuzi wanajua, ila hakuna karatasi inayosema hivyo.

Elimu ya msingi bila malipo, ambayo katiba iliahidi mwaka 2006 na ambayo ilianza kutekelezwa kweli Septemba 2019, ilizidisha jambo hili. Mzazi ambaye zamani alichagua shule kwa kuangalia karo sasa alichagua kwa kuangalia miguu ya mtoto. Shule za umma zilizo katikati zikajaa. Wenye uwezo wakahamisha watoto wao kwenda shule binafsi. Sisi hatukuwa na uwezo huo, kwa hiyo tulikuwa tunatafuta shule ya umma ambayo tungeweza kuifikia kabla haijajaa, na hiyo ni hesabu ya parseli.

Parseli ya kwanza ilikuwa upande wa Bulengera, juu kabisa. Komisionere aliyetupeleka alikuwa kijana mwenye adabu, amevaa buti za mpira, na alimwita mama yangu mama kwa sauti ya mtoto kweli. Parseli ilikuwa kubwa, mita 20 kwa 30, yenye miparachichi mitatu na ukingo wa mikaratusi. Baba aliipenda papo hapo. Mtu wa mbao akiona mikaratusi haoni kingine.

“Masomo iko fasi gani?” mama aliuliza.

“Masomo iko hapo tu, mama.”

“Hapo wapi?”

“Hapo chini, ukivuka ka mto.”

“Dakika ngapi?”

“Kwa mtu ya kutembea vizuri, dakika kumi.”

“Mtoto yangu hatembei vizuri,” mama alisema. “Anatembea kama mtoto.”

Hapa inabidi niseme kama mwanafunzi wa isimu, maana siku ile niliona jambo ambalo kwenye kitabu lilinipita. Kiswahili kina namna tatu za kuonyesha mahali: hapa kwa kilicho karibu nami, hapo kwa kilicho karibu nawe au tulichokwisha kukitaja, pale kwa kilicho mbali nasi sote. Ongeza huku, huko, kule. Darasani tunachora duara, msemaji katikati, tunaweka maneno hayo kwenye umbali wake. Duara hilo ni zuri, lakini komisionere hakai katikati yake. Anaposema hapo hapimi umbali wa shule kutoka kwenye mguu wake. Anaiweka shule upande wako wewe msikilizaji, kama kitu ambacho tayari ni chako. Ndiyo maana hasemi pale. Pale ingekuwa kukiri kuwa ninyi wawili mko upande mmoja na shule iko upande mwingine.

Na kuna irabu. Watu wetu wanaporefusha irabu wanarefusha njia: paleee ni mbali, kuleee ni mbali sana, na wanapandisha kidevu kuonyesha upande. Kuanzia siku ile nilianza kuandika katika daftari kila mara nilipomsikia muuzaji akitaja mahali pa shule. Katika miaka miwili sikumsikia hata mmoja aliyerefusha irabu. Soko, ndiyo. Bomba la maji, ndiyo, mmoja alisema “maji iko kuleee” bila haya, kwa sababu maji Butembo kila mtu anajua ni shida. Masomo, kamwe.

Mama hakuwa na daftari. Jumatatu iliyofuata alituamsha saa kumi na moja, akamvika mdogo wangu begi lenye vitabu vyangu viwili vya zamani ili liwe na uzito wa kweli, tukapanda moto mpaka kwenye ile parseli. Pikipiki iliteleza mara mbili kabla ya kufika, maana usiku ilikuwa imenyesha, na mvua ya Butembo inageuza udongo wa vilima kuwa sabuni. Saa kumi na mbili na nusu mama alisema, “Sasa tuende masomo.” Tulishuka. Mtoto alishika mkono wangu, kisha akauachia kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, kisha akakaa chini na kuteremka kwa matako kwenye korongo ambalo mvua ilikuwa imelichimba katikati ya njia. Kamto kalikuwa kamto, lakini daraja lake lilikuwa magogo mawili. Watoto wengine walipita wakikimbia, viatu mkononi. Wa kwetu alisimama.

Dakika 47. Mama alitazama simu yake, akatazama lango la shule, akanunua mandazi mawili kwa mama aliyekuwa akiuza pale, akampa mtoto. Hakusema neno kuhusu parseli ile mpaka jioni, na alichosema kilikuwa kwa baba: “Miparachichi yako itabaki na wenyewe.”

Baba alikasirika, na nadhani alikuwa na haki kidogo. Kwa bei ile tungejenga vyumba vinne. Alisema watoto wote wa kilima kile wanasoma, na hakuna aliyekufa kwa kutembea. Mama alimjibu kwa jina la mahali tu, “Boikene”, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa upande wa mama, ingawa nilijua pia kuwa anapima Butembo kwa rula ya Beni. Butembo nayo imeona mengi, miaka ya Ebola kati ya 2018 na 2020 haikuwa myepesi kwa mtu yeyote hapa, lakini njia za asubuhi hazikuwa zile za Boikene. Hofu nayo huhama na mtu kama cherehani.

Ya pili nitaipita haraka. Ilikuwa nzuri, bei ya kati, na shule ilikuwa kweli hapo tu: dakika tisa na begi. Karibu tulipe. Ila mama alirudi tena, safari hii mchana, akakuta darasa la kwanza ndiyo kwanza linaingia. Shule ilikuwa imejaa, wakubwa wanasoma asubuhi, wadogo wanaingia saa sita na nusu na kutoka karibu saa kumi na mbili jioni. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linazama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, halingoji mtu. Mvua ikichelewesha watoto nusu saa, wanarudi gizani. Mwenye parseli alishangaa kweli mama alipokataa. “Lakini masomo iko hapa,” alisema, na alikuwa amesema ukweli mtupu.

Ya tatu tuliinunua Julai 2022, upande wa Mususa. Mita 12 kwa 18, haina mti hata mmoja, inatazamana na ukuta wa jirani. Ilitugharimu zaidi ya ile ya miparachichi. Shule ya msingi iko dakika kumi na mbili kwa miguu ya mtoto, asubuhi, njia pana, hakuna mto. Wazazi wangu waliniita niandike akte ya uuzaji kwa sababu mimi ndiye ninayesoma lugha, jambo lililonipa cheo kwa siku moja. Niliandika majina ya pande zote mbili, majina ya mashahidi, vipimo, majirani wa pande nne. Shefu wa kartie akapiga muhuri. Kwa kweli hatukununua ardhi: sheria ya Julai 1973 inasema ardhi ni ya Dola, na tunachouziana sisi ni haki ya kuitumia, ambayo mpaka ukapate hati ya usajili inasimama kwa ushahidi wa majirani. Nilipomaliza nilisoma akte kwa sauti mbele ya watu wote. Kila kitu kilikuwamo, hata bomba bovu. Shule, ambayo ndiyo tuliyolipia tofauti yote ile, haikuwamo kwenye mstari hata mmoja. Nilimwuliza shefu kama tunaweza kuongeza. Alinitazama kwa huruma. “Masomo si ya parseli, mwanangu.”

Septemba mdogo wangu aliingia darasa la kwanza. Mama alikuwa amepima dakika, tope, jua na magogo. Mimi nilikuwa nimepima maneno ya wauzaji. Hakuna kati yetu aliyepima kitu kimoja.

Mwezi wa tatu mwalimu aliwaita wazazi, na kwa kuwa baba alikuwa Beni, nilimsindikiza mama. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 90, watatu watatu kwenye dawati, wengine wameketi mbele chini. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, sauti imemkauka. Alisimama kutupokea, akampa mama kiti chake.

“Mtoto yenu iko na akili, mama,” alisema. “Anaandika vizuri. Lakini hasemi. Tangu Septemba sijasikia sauti yake. Nyumbani anasemaka?”

Nyumbani alikuwa haishi kusema. Mama alikaribia kukasirika. Kisha mwalimu aligeuka kuwatuliza watoto waliokuwa wakigombania kalamu, akawaambia jambo kwa Kinande, watoto wakajibu kwa Kinande, wote pamoja, na mimi nikaelewa kabla mama hajaelewa.

Sisi ni Wanande, Wayira kama wengi wanavyopenda kusema sasa. Majina yetu ni ya Kinande, yale yanayotaja mpangilio wa kuzaliwa. Lakini Beni ni mji wa mchanganyiko, na pale Boikene tulicheza kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na wazazi wetu wakatuzungumzia Kiswahili bila kukaa kikao kuliamua. Kinande kilikuwa lugha ya watu wazima wakitaka tusisikie. Butembo ni kinyume chake. Hapa Kinande ndicho cha sokoni, cha kanisani, cha uani. Kiswahili kipo, kila mtu anakijua kwa kiasi chake, lakini mtoto wa miaka sita wa Butembo anaota kwa Kinande.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kufundishia na zifundishwe. Lugha za taifa ni nne, na kwa upande wetu wa nchi ni Kiswahili. Lugha ya mazingira Butembo ni Kinande. Neno “au” ni dogo, lakini ndani yake mna darasa zima. Kitabu cha kusoma kilikuwa cha Kiswahili, hesabu zilikuwa na majina ya Kifaransa, na maelezo, yaani yale yote ambayo mwalimu husema ili mtoto afahamu kitabu, yalikuwa ya Kinande. Simlaumu mwalimu. Kwa watoto zaidi ya 90, ungechagua lugha ya walio wengi au ya wachache? Alichagua vizuri. Mmoja wa wale wachache alikuwa wetu.

Sasa aibu yangu. Mwaka ule nilikuwa nimesoma kazi ya Ngessimo Mutaka juu ya toni za Kinande, na nilikuwa nimewasilisha mbele ya darasa mada juu ya upatanifu wa irabu katika lugha hiyo: jinsi irabu moja inavyozivuta nyenzake ndani ya neno, jambo ambalo wanaisimu wa Marekani na Ulaya wamelijadili kwa miongo. Nilipata alama nzuri. Niliweza kuweka alama za toni juu ya sentensi ambayo nisingeweza kuisema barabarani. Mdogo wangu aliporudi siku ile nikamwuliza kwa nini haongei masomo, alisema anaogopa watoto watamcheka, na kwamba siku moja alijizuia haja ndogo mpaka mwisho wa kipindi kwa sababu hakujua kuomba ruhusa. Nikataka kumfundisha sentensi hiyo ya kuomba ruhusa kutoka nje. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na wasingya, asante. Nilikuwa na wavukire, salamu ya asubuhi. Kwa hayo mawili mtoto hawezi kwenda chooni.

Tulimleta nyanya, mama yake baba, kutoka Beni. (Nawaandikia pia wenzangu wa Pwani wanaosoma jarida hili: sisi tunasema nyanya, kwa sababu kwetu ukisema bibi watu wataelewa mke.) Alikuwa amekataa kuhama kwa miaka yote ile ya vita, alibaki kulinda nyumba, na hakuna hotuba ya baba iliyomng’oa. Alipoambiwa mjukuu hawezi kuongea na wenzake alifunga mzigo siku hiyohiyo. Alipofika alituangalia sisi watu wazima mmoja baada ya mwingine, akasema kwa Kiswahili, ili tusikose kuelewa: “Mlinunua parseli, mkasahau mdomo.”

Kuanzia hapo, kuanzia saa kumi jioni, palikuwa na sheria uani: Kinande tu. Mimi pia. Nyanya hakujali toni zangu nilizozichora. Nikikosea alirudia neno mara moja, polepole, halafu akaendelea kuchambua mchele. Mdogo wangu alijifunza haraka kuliko mimi, kama ilivyopaswa, na msaada mkubwa haukutoka hata kwa nyanya. Ulitoka kwa mtoto wa jirani, yule wa nyuma ya ukuta ambao baba aliulaani kwa kuziba mwanga. Kulikuwa na tundu kwenye ukuta. Walipitishiana vitu hapo, vifuniko vya chupa, vipande vya muwa, na huwezi kupitisha kitu tunduni bila kusema jina lake.

Mwaka 2024, baada ya Kanyabayonga kuanguka mwezi Juni, watu wengi walipanda kutoka kusini, na darasa lake lilipokea watoto wapya. Mmoja alikuwa msichana wa upande wa Rutshuru asiyejua Kinande. Mwalimu alimketisha karibu na mdogo wangu. Alituambia habari hiyo wakati wa kula, bila kuona kuwa ni habari. Kilichomuudhi ni kwamba mgeni alikuwa amechukua nafasi yake ya dirishani.

Nimejaribu kugeuza daftari langu la wauzaji kuwa kazi ya mwisho wa mwaka. Mhadhiri wangu anasema data ni chache na kwamba nafanya hasira kuwa nadharia. Huenda. Lakini nimeanza kuwauliza wazazi wanaotafuta parseli mambo wanayoyauliza kwanza, na wote wanauliza umbali. Wengine, hasa waliotoka Beni na Oicha, wanauliza saa ya kutoka. Bado sijampata aliyeuliza: mwalimu wa darasa la kwanza anaeleza kwa lugha gani? Nami nisingeuliza.

Imebaki nyumba ya Boikene. Nyanya akiwa hapa, hakuna anayeilinda, na baba ameamua kuiuza. Si rahisi kuuza upande ule. Wanaopiga simu ni wachache, na wengi wanataka bei ya kuokota. Mwezi uliopita alipiga mtu mmoja aliyesema anatoka Oicha, ana watoto wanne, anatafuta mahali ndani ya mji. Baba aliweka simu kwenye spika kwa sababu masikio yake yamechoka na kelele za misumeno. Tulikuwa wote uani. Mtu yule aliuliza ukubwa, akauliza mabati ni ya mwaka gani, akauliza kama kisima kina maji wakati wa kiangazi. Baba alijibu vizuri, kama muuzaji. Kisha mtu akauliza:

“Na masomo, papa? Iko karibu?”

Shule tuliyosoma sisi, kaka zangu na mimi, iko dakika nane kutoka kwenye lango lile. Ni kweli. Nimeitembea miaka sita. Na ni kweli pia kwamba kuna asubuhi ambazo dakika zile nane hazikutembeleka, na kwamba Aprili 2021 watoto wa rika la mdogo wangu wa tatu waliacha madarasa, wakaenda kukaa siku na siku kwenye uwanja wa ofisi ya meya wa Beni wakidai amani.

Mama alikuwa ameacha kushona. Niliona baba akifungua mdomo, na nilikuwa na hakika ninajua neno linalokuja, na nilijua kuwa sitaliandika daftarini.

“Masomo iko pale,” baba alisema. Akanyamaza kidogo. “Kuja uone wewe mwenyewe, mzee wangu. Lakini usikuje mchana. Kuja asubuhi, saa ya watoto, na ukuje na moja ya watoto wako.”

Yule mtu alisema sawa, atakuja. Bado hajaja. Juzi baba alipanda Beni na mbao, akalala pale, akarudi na ufunguo mfukoni.